Usituambie nguvu za farasi, tuambie kwa nini: uzi wa magari yaliyobadilishwa na hadithi zake

Tapeti (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nimechoka na nyuzi za magari ambazo mtu anaorodhesha vifaa kama anasoma risiti. Turbo hii, rimu zile, kompyuta fulani, picha tatu, kwaheri. Humu naomba tufanye kinyume. Weka gari lako, kisha utuambie ni nani au ni jambo gani lililokufanya ulifungue. Kwa uzoefu wangu hakuna anayekesha chini ya gari saa nane usiku, mafuta yanamdondokea jichoni, kwa sababu ya sekunde mbili tu za mwendo. Kuna kitu kingine.

Naanza mwenyewe. Langu ni Toyota Corolla KE70, lilikuwa la baba. Lilikuja na injini ya 4K, cc 1,290, kabureta moja, vali zinasukumwa na fito kutoka chini. Si injini ya kujisifia. Lakini kila baada ya miezi michache mzee alikuwa anafungua kifuniko cha vali, anatoa fila zake (vibati vyembamba vya kupimia nafasi ya vali) kwenye kikopo cha bati, na mimi kazi yangu ni tochi. Vali za kuingiza milimita 0.20, za kutoa 0.30, injini ikiwa ya moto. Nilizijua namba hizo kabla sijajua tarehe yangu ya kuzaliwa. Ukipeleka mwanga pembeni kidogo tu unaulizwa kama unamulika injini au unamulika mbu.

Miaka minne iliyopita macho yake yalipungua sana, akanipa ufunguo. Hakusema neno zaidi ya "liendeshe, lisikae."

Nikaliendesha. Halafu nikang'oa 4K yake na kuweka 4A-GE, injini nyingine ya Toyota. Cc 1,587, kemshafti (shafti za kufungulia vali) mbili juu, vali 16, na giaboksi ya T50 nyuma yake. Pampu ya mafuta ya kabureta haikufaa kitu, ikabidi pampu ya umeme. Waya peke yake zilinila miezi mitano. Na niseme ukweli hapa kwa kuwa hamnijui: 4K haikuwa na tatizo lolote. Niliitoa kwa sababu tangu utotoni nilitaka kusikia ile sauti ya 4A-GE ikipita mizunguko elfu sita kwa dakika.

Mzee hajui. Ndiyo hadithi yangu. Nani anafuata?

---

JuuYaMawe

Wa kwanza! Gari langu liko juu ya mawe mwaka wa tisa sasa. Sababu: spana namba 10 imepotea.

Nitarudi na hadithi kamili likishuka.

---

Kiwandani

Mkuu Tapeti, samahani, mimi nimekuja kuharibu sherehe. Gari likitoka kiwandani limekamilika. Watu waliosomea mambo hayo wamekaa miaka wakipima springi, wakapima breki, wakaendesha kwenye baridi na kwenye joto, halafu wewe na grainda yako unakuja kuwasahihisha?

Nitoe mfano wa mtu mmoja tu. Irv Gordon, Mmarekani, mwalimu wa sayansi. Alinunua Volvo P1800 mwaka 1966, na mwaka 2013 akafikisha maili milioni 3 kwa gari lile lile. Hiyo ni zaidi ya kilomita milioni 4.8. Hakulishusha, hakuongeza turbo. Alifuata kitabu cha gari na kubadili oili kwa wakati. Hiyo ndiyo hadithi binafsi ya gari. Nyingine ni kelele.

Na wewe, mwambie mzee wako kabla hajasikia mwenyewe. Mtu aliyepanga vali kwa miaka yote hiyo hahitaji macho kujua kilicho chini ya boneti.

---

Nati10

Kiwandani ana hoja na mimi ni ushahidi, ingawa inaniuma kukiri.

Nilikuwa na miaka 20. Nikakata springi. Mizunguko miwili kila upande, na grainda ya kuazima. Gari likashuka vizuri sana likiwa limesimama. Nilichokuwa sijui ni kwamba springi ikikatwa inakuwa ngumu zaidi, na shokapu inabaki na nafasi ndogo ya kucheza, kwa hiyo kila shimo linakuja moja kwa moja mgongoni. Na kibaya zaidi, tairi likining'inia springi fupi inalegea kwenye kikalio chake.

Siku moja nimembeba dada yangu na mtoto wake mchanga. Tuta moja, gari likaruka, springi ya nyuma kushoto ikatoka mahali pake. Hatukuanguka. Nilisimama pembeni, dada akashuka na mtoto, akaendelea kwa miguu. Hakunigombeza. Alikataa tu kupanda gari langu lolote kwa miaka mitatu.

Sasa nina shokapu za kurekebishika, zenye springi zake zilizopimwa, na kila nikibadilisha kitu chini naenda kupima alaimenti (mwelekeo wa magurudumu) kabla sijampakia mtu. Hadithi ya gari langu ni hiyo: kila kilichomo nimekifunga kwa ajili ya abiria mmoja ambaye mwaka jana ndiyo amekubali kupanda tena. Alikaa nyuma.

---

MamaTurbo

Nati10, mwambie dada nimemwelewa.

Kiwandani, kaka yangu, soma hii taratibu. Mimi gari la kiwandani siwezi kuliendesha hata mita moja. Miguu yangu haifanyi kazi. Ajali ya miaka sita iliyopita, nilikuwa abiria, hapo tuachie hapo.

Langu ni hachibeki yenye turbo, otomatiki. Pembeni mwa usukani, upande wa mlango, kuna wenzo. Ukiusukuma mbele unabana breki, ukiuvuta unaongeza mafuta. Juu ya usukani kuna kirungu kidogo cha kuzungushia kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili hauna likizo. Watu huuliza kwa nini breki iwe kusukuma na si kuvuta. Jaribu kufikiria: ukifunga breki kwa nguvu mwili wako unakwenda mbele. Mkono ukisukuma, uzito wako unasaidia breki. Ungekuwa unavuta, mwili wako ungekuwa unabishana na mkono wako.

Wiki za kwanza nilifanya mazoezi kwenye uwanja mtupu. Ubongo unapeleka amri mguuni, mguu haujibu, halafu ndiyo mkono unakumbuka. Hiyo nafasi ya katikati inatisha kuliko maelezo. Baada ya miezi miwili hivi ikapotea, na siku ilipopotea sikuigundua. Niligundua kesho yake.

Kilichoniliza si miguu, mtashangaa. Ni klachi. Kabla ya ajali nilikuwa na gari la gia za mkono na nililipenda mno, ile kushuka gia mbili ukiingia kona. Nilipoliuza nilifungua kichwa cha gia nikakiweka mkobani. Fundi aliyenifungia wenzo alitaka kuweka kishikio cha plastiki kilichokuja nacho. Nikampa kile kichwa. Kimechorwa H ya gia tano, na hakina gia hata moja chini yake.

Nikienda kwenye mikusanyiko ya magari watu wanapiga picha rimu. Wanauliza turbo inasukuma kiasi gani. Hakuna aliyewahi kuuliza kuhusu wenzo. Wanaangalia pembeni kwa adabu, na adabu hiyo inachosha. Jamani, niulizeni! Ndicho kifaa kizuri kuliko vyote ndani ya gari lile.

---

SpanaMkononi

MamaTurbo heshima yako. Na kwa wasiomjua: Alex Zanardi alipoteza miguu yote miwili mwaka 2001 kwenye mbio za Lausitzring, Ujerumani. Mwaka 2003 alirudi kwenye uwanja ule ule, akapewa gari lenye vidhibiti vya mkono, akamalizia mizunguko 13 iliyokuwa imebaki siku ya ajali. Mizunguko 13 kamili, kana kwamba mbio zilisimama kidogo tu wakamsubiri. Na 2005 akashinda mbio za magari ya saluni za dunia kule Oschersleben, kwa BMW iliyobadilishwa kumfuata yeye. Waliobadilisha gari lile nao walikuwa "wanaharibu kazi ya kiwanda"?

---

Kiwandani

Hapo sina neno. MamaTurbo naomba radhi, nilikuwa nawaza vijana wa grainda. Niulize basi: ukikaa mwendo mrefu bega halichoki?

---

MamaTurbo

Linachoka, tena sana. Ndiyo maana siku ya kwanza tuliufunga juu ukanitesa, tukaushusha sentimita nne ili kiwiko kipate kuegemea mlangoni. Asante kwa kuuliza. Umekuwa wa kwanza, na wewe ndiye uliyekuja kuharibu sherehe.

---

MwendoChini

Mimi langu halina mwendo kabisa na ndivyo nilivyotaka.

Kwanza historia kidogo, inahusu. Mwaka 1958 California waliweka sheria kwamba sehemu yoyote ya gari isishuke chini ya ukingo wa chini wa rimu. Iliwalenga vijana walioshusha magari, wengi wao Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Mwaka 1959 kijana mmoja, Ron Aguirre, akafunga kwenye Corvette yake haidroliki (mitambo ya kuinua gari kwa msukumo wa mafuta) zilizotokana na vifaa vya ndege. Akimwona askari anapandisha, askari akipita anashusha. Ule mchezo wa magari kurukaruka mnaouona leo ulizaliwa na kukwepa faini! Na kutoka huko ndiko ilikotoka Gypsy Rose ya Jesse Valadez, Chevrolet Impala ya 1964, yenye mawaridi yaliyochorwa kwa mkono bodi nzima, ambayo mwaka 2017 iliwekwa ndani ya kasha la kioo katikati ya Washington watu waione kama kitu cha makumbusho. Sheria ya kuzuia magari ya chini imefutwa California kuanzia Januari 2024. Magari yalisubiri miaka 66, yakiwa chini.

Utamaduni ule unasema chini na polepole. Ndilo lililonivuta.

Kaka yangu alifariki kwa mwendo. Gari lilikuwa lake, tulilijenga pamoja, na bomba la turbo nililichomelea mimi. Sitaendelea upande huo.

Nilipoanza tena kushika spana sikutaka tena kitu kinachokimbia. Nina saluni kubwa ya zamani, mifuko ya hewa badala ya springi, na nikiishusha yote bampa inagusa chini. Gari langu haliwezi kukimbia hata likitaka. Jioni za Jumamosi natembea kilomita 30 kwa saa, madirisha wazi, wenye haraka wananipigia honi. Na wapige.

---

Nati10

MwendoChini 🙏🏾

Nimesoma mara mbili.

---

JuuYaMawe

Taarifa: spana namba 10 imepatikana. Ilikuwa ndani ya gari. Sasa imepotea ya namba 12.

---

SpanaMkononi

Sasa zamu yangu, na najua nitatukanwa.

Mnamfahamu Akira Nakai wa karakana ya RWB, yule Mjapani anayekata Porsche 911. Anasafiri mpaka alipo mteja, anakata madigadi kwa mkono wake, anafunga mengine mapana zaidi, na gari linapewa jina. Kuna watu wakiona ile saw inaingia kwenye bati la Porsche ya kupozwa kwa hewa wanageuza uso kama wanaona mtu anapasuliwa bila ganzi. Kabla ya Porsche mwenyewe alikuwa mtu wa Toyota AE86 na kuteleza kwenye kona, kwa hiyo tabia ya kukata hakuianzia kwenye magari ya matajiri.

Mimi nilikuwa upande wa wanaogeuza uso. Nilikuwa na kupe (gari la milango miwili) ya Kijapani ya miaka ya 70, naitunza kama yai. "Halisi, haijaguswa," ndivyo nilivyouziwa, na ndivyo nilivyokuwa nawaambia watu kwa miaka saba. Kila Jumapili nta. Mtoto wangu alikatazwa kuegemea.

Kutu ikaanza kutoka kwenye digadi ya nyuma kulia, kipovu kidogo chini ya rangi. Nikachukua msasa nifungue kidogo tu. Chini ya rangi, rangi nyingine. Chini yake puti, ule udongo wa kuzibia bati. Nikaendelea, puti inaendelea. Nene kama kidole gumba, wakuu. Nikaleta sumaku, haikushika popote kuanzia mlango mpaka taa ya nyuma. Nilipoingia ndani na kutoa kapeti nikakuta mstari wa welding unapita sakafuni kutoka upande mmoja hadi mwingine. Lilikuwa magari mawili! Nusu ya mbele ya moja, nusu ya nyuma ya jingine, yakaunganishwa na mtu asiyejulikana miaka mingi kabla yangu.

Nilikaa nalo hivyo wiki nzima bila kuligusa. Miaka saba nimenyenyekea uongo, na kumfokea mtoto kwa ajili ya puti.

Kisha nikaamua. Nikachomelea mshono ule upya kama inavyotakiwa, nikaweka mabati ya kuimarisha pande zote mbili, nikapima pembe kwa pembe hadi likasimama sawa. Digadi zote nne nikakata, nikafunga mapana ya chuma. Na ule mstari wa sakafuni sikuufunika. Hakuna kapeti. Nimeupaka rangi nyekundu, na ukikaa kiti cha nyuma miguu yako iko gari moja na kiti chako kiko gari jingine.

Mtoto sasa ana miaka 11 na ndiye anayewaeleza wageni. Anaegemea anapotaka.

---

Tapeti

SpanaMkononi hii imenishinda. Kwa hiyo ulipoacha kulitunza ndipo likawa lako?

---

SpanaMkononi

Mkuu usinipambie. Nililitunza zaidi baada ya hapo. Kulipiga nta na kulitunza ni vitu viwili.

---

Kiwandani

Sawa. Nimesoma zote, na kwa kuwa MamaTurbo atanisumbua nikinyamaza, nakiri. Gari langu ni la kiwandani kila kitu, hata redio. Isipokuwa kitu kimoja. Kuna kioo kidogo cha pili nilikibandika chini ya kile cha ndani, kimeelekezwa kiti cha nyuma. Nilikiweka watoto wangu mapacha walipokuwa wachanga, niwaone bila kugeuka. Sasa wana miaka 19 na wako mbali masomoni. Nikiendesha kinanionyesha kiti kitupu.

Nilitaka kukitoa mwaka jana nikiosha gari. Gundi ilikuwa imekauka, nikasingizia gundi.

---

MamaTurbo

Gundi! Hahaha. Karibu chamani, mharibu magari.

---

Nati10

Tapeti umepotea. Mzee kashaambiwa? Uzi una wiki tatu sasa.

---

Tapeti

Nimerudi. Nilikuwa natafuta ujasiri, nikaupata Jumapili.

Sikumwambia. Najua, Kiwandani, usinigombeze. Nilimwambia twende tuzunguke kidogo, nikamshika mkono hadi mlango wa abiria, akapapasa dashibodi kama anamsalimia mtu. Nikawasha.

Hakusema kitu. Injini inanguruma taratibu, yeye kainamisha kichwa upande wa boneti. Ilikuwa kama dakika moja, labda pungufu. Kisha akasema, "Hii si yangu."

Nikajibu ndiyo, si yake.

"Ina mashafti mawili juu."

Ndiyo.

"Na vali ya mwisho huko nyuma inagonga."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilikuwa na hotuba nzima. Kwa vali sikujiandaa. Na kweli kulikuwa na mlio fulani, tik tik tik, nimeusikia mwezi mzima nikajidanganya kwamba ndivyo ilivyo. Akauliza kikopo cha fila kiko wapi.

Nikamwambia hii hupimwa ikiwa ya baridi. Akashangaa, "Yangu ilikuwa ya moto." Tukasubiri ipoe, saa mbili na zaidi, tumekaa kwenye vigoda pembeni ya gari, na hapo ndipo aliponiuliza kila kitu: giaboksi gani, mafuta yanafikaje, nani alifunga waya. Nilipofungua kifuniko nikamwekea vidole vyake juu ya kemshafti moja, halafu ya pili. Mimi nikawa nazungusha krenki kwa spana, yeye anaingiza fila. Namba zilizoandikwa kwenye bati hazioni, kwa hiyo nilimchagulia. Lakini wakuu, fila haihitaji macho. Unaivuta, unasikia inavyokwaruza, ndiyo kazi yake. Vidole vile havijasahau kitu.

Kumi na sita zote. Za kuingiza zote zilipokea 0.20, za kutoa zote 0.25. Hakuna hata moja iliyolegea.

Akafuta mikono. "Kama vali ziko sawa, basi ni gasketi. Kaangalie ekzosi inapoungana na kichwa, silinda ya mwisho."

Nikamulika. Masizi meusi, mstari mwembamba, pale pale aliposema. Moshi ulikuwa unapenya kidogo kila silinda ikipumua na kulia kama tapeti (kisukuma vali) iliyolegea.

Gasketi nimeshaiagiza. Akauliza 4K iko wapi, nikampeleka chini ya meza nilikoifunga kwa nailoni. Akaigusa kifuniko, akagusa matundu ya plagi, akaniambia nimimine oili kidogo kwenye kila silinda na niizungushe kwa mkono mara moja kwa mwezi, isije ikashika.